Pasi Moja ya Makaa

Nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, namkumbuka mama mdogo, fundi wa nguo pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Alishonea kwenye baraza moja na fundi mwanamume kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi waligombania pasi yao moja ya makaa.

“Huyu mama iko na kichwa nguvu,” fundi alisema, akimwachia.

Siku moja padri alituonyesha sote, katika ukumbi wa kanisa, sinema ya wauzaji wawili wa dukani, wagomvi waliokuja kupendana.

“Ni kama mama mdogo na fundi,” nilisema kwa sauti.

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa wao wawili.

Kesho yake fundi alihamia Kikorongo na cherehani yake. Mama mdogo aliendelea kuwasha pasi kila asubuhi, akaiweka upande wa fundi, hadi makaa yazime.