Fatiha Haifuti Hukumu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa kijana pale Kinjumbi, na kijiji kilikuwa kikimsimamisha Bakari agombee uenyekiti. Mwaka uliotangulia Bakari alikuwa ametoka gerezani kwa kuiba korosho za ghala letu. Wote tulijua. Lakini alikuwa mcheshi, na ukifiwa, wa kwanza kushika jembe makaburini ni yeye. Tukamsomea Fatiha. Na kwetu, jambo likishasomewa Fatiha, kulifukua ni utovu wa adabu.

Shangazi yangu Bi Somoe, mjane, akanyoosha mkono. "Hivi sheria inamruhusu mtu aliyefungwa kwa wizi?"

Nikaruka mimi. "Shangazi, Fatiha imeshasomwa! Au uenyekiti unautaka wewe?"

Watu wakacheka. Akajitanda kanga yake taratibu. "Haya, baba. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bakari akashinda. Kwa kuwa nilimpigia debe, nilipomwomba akaniridhisha: akatia saini hati ya kumthibitishia Shangazi shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe. Mwaka haukuisha, mpinzani wake akaenda mahakamani na uchaguzi ukafutwa. Mwenye hukumu ile hakutakiwa hata kugombea. Hapo shemeji yake Shangazi, ndugu wa marehemu, aliyelimezea mate shamba lile siku nyingi, akaikimbiza hati kwenye baraza la ardhi.

"Amesaini nani hapa?" akawauliza wajumbe. "Mwenyekiti gani?"

Baraza likamkubalia. Shangazi akatolewa shambani, mikorosho ikiwa na maua.

Sikumwomba radhi. Nilikimbilia Lindi, kisha Mtwara, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Alipozikwa sikuwepo. Nasikia aliyeshika jembe wa kwanza alikuwa Bakari.

Jana nimekusikia ukibishana habari za nchi za watu, ukisema mkubwa aliyehukumiwa akichaguliwa, kura zimemsafisha. Hazisafishi, mwanangu. Kura humpa mtu kiti, hukumu yake ikabaki palepale. Siku sheria ikija kuuliza, haanguki peke yake. Huanguka na kila aliyeegemea karatasi yake, na mnyonge ndiye anayeumia zaidi. Basi uliza kabla ya kuchagua. Na ukimwona mama mtu mzima amenyoosha mkono mkutanoni, usimcheke. Mwache aulize, dua ije baadaye.

Mola akujaalie masikio kabla ya sauti, na akuepushe na njia ndefu ninayozunguka mimi nisilione shamba lile. Amin.