Kuosha Oili kwenye Karai

Katika ndoa ya miaka kumi na tisa nilitoka na injini moja. Otmar alibaki na nyumba ya Ushirombo, ng'ombe, na duara la dhahabu ambalo wachimbaji wake niliwapikia mimi tangu lilipokuwa shimo la kufika magotini. Karatasi za duara zilikuwa na jina lake peke yake. Shule sikwenda, na siku niliyowekeshwa dole gumba kuachia haki yangu niliambiwa ni kibali cha maji. Sitajifanya sina kinyongo. Ninacho.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya silinda moja. Inazungusha karasha langu, lile pipa la chuma lenye gololi nzito ndani linalosaga mawe yawe unga. Nimeiweka machimboni, nusu saa kwa pikipiki kutoka Ushirombo. Ikisaga, binti yangu Asteria anabaki chuo cha uuguzi. Isiposaga, anarudi kupika ugali wa wachimbaji kama mama yake.

Mwaka jana ilianza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi Mwigulu, mtu wa kwetu Kishapu aniitaye mayu, yaani mama, aliisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Mayu, hii ikinoki safari hii usiniite. Krenki imeshachongwa mara mbili, haichongeki tena. Mwite mnunuzi wa chuma chakavu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Wanasema oili ya sintetiki inatunza injini. Wengine wanasema ni maji ya rangi."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui."

"Fundi mzima hujui?"

"Wateja wangu wote hohehahe kama wewe. Ningejulia wapi?"

Aliyekuwa akiiuza pale Ushirombo ni mtu mmoja. Otmar. Pesa za duara alizifungulia duka la vipuri.

Nilikwenda. Amenizidi miaka minane, lakini shikamoo sikumpa. Nilisema habari za hapa, akajibu nzuri, wateja wakatazama pembeni.

"Mama Asteria, galoni moja la hii linafanya kazi ya matatu," alisema. "Ile ya kawaida unaimwaga kila wiki. Hii unakaa nayo wiki tatu."

Bei yake pia ilikuwa ya magaloni matatu. Nilimwomba tone nikalisugua kwa vidole. Ilikuwa nyepesi kama mafuta ya alizeti. Kwetu oili tunaipima kama samli: ikiwa nzito ni nzuri, ikiwa nyepesi umeibiwa. Mchimbaji mmoja, Donatus, alikuwa amekaa kwenye kreti akisubiri mkanda wa pampu.

"Hiyo nunua, mama," alisema. "Ikishindwa kwenye injini utakaangia vitumbua."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilitaka iwe uongo. Nilitaka sana. Nilipokuwa narudi ndipo nilipojiogopa: kama naitaka iwe uongo, nitaujuaje ukweli? Injini haijui nani aliniacha.

Lakini machimboni hakuna anayenunua jiwe kwa maneno ya mwenye jiwe. Unapiga sampo. Unachukua mawe kidogo, unayasaga, unaosha unga wake kwenye karai, unatazama kilichobaki chini. Nikajiuliza, kwa nini nisipige sampo ya oili?

Nilianza na ile ya kawaida. Kutoka Jumatatu hadi Jumamosi nilisaga mifuko arobaini, kisha nikamwaga. Kikombe kimoja cha ile oili chafu nilikichanganya na petroli, mbali na jiko, nikaacha itulie, nikamimina ya juu polepole. Nikaongeza petroli, nikatikisa karai kama ninavyotikisa siku zote.

Mbuke, jirani yangu anayeuza maandazi, alisimama na beseni kichwani.

"Mama Asteria, siku hizi dhahabu inatoka kwenye injini?"

"Natafuta kinachoniua."

"Si yuko Ushirombo, ana duka?"

Chini ya karai ulibaki mkia, yale masalia mazito. Vumbi la kijivu, na ndani yake punje zinazong'aa. Moyo ulinipiga kama mtu aliyeona dhahabu kweli. Nilipitisha sumaku, ile tunayotolea chuma kwenye mchanga. Punje zote zikaruka kuifuata. Zilikuwa nyama za injini yangu.

Wiki ya pili nilijikaza nikanunua ile ya Otmar, nikaiweka. Mifuko ileile arobaini, kikombe kilekile, karai lilelile. Mwigulu alikuja kutazama, akachuchumaa.

Nilipitisha sumaku. Punje zilikuwa chache, kama nusu ya zile za kwanza. Nilirudia, nikitumaini kuona zaidi. Hazikuongezeka.

"Basi ni oili kweli," alisema Mwigulu.

Nilikuwa natazama lile vumbi la kijivu. Lilikuwa lilelile, halikupungua hata kidogo. Nililisugua kwa kidole, likakwaruza kama chumvi.

"Fundi, hili ni nini?"

"Unga wa mawe."

"Unaingiaje ndani ya injini?"

Aliinuka. Kisha akatazama mdomo wa injini unakovutia hewa, nami nikatazama anakotazama. Palikuwa wazi. Kichujio cha hewa alikitoa yeye mwenyewe, miezi mingi iliyopita, ili injini ipumue vizuri na kuvuta kwa nguvu. Machimboni wote wanafanya hivyo. Na mdomo ule ulitazama karasha, hatua mbili tu kutoka pale vumbi linapopanda.

"Ulisema inapumua."

"Inapumua, mayu."

"Inapumua mawe."

Alicheka kidogo, akaona sicheki, akaacha.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia wenzangu wenye mashine. Oili ya bei kubwa unalipia umri wake. Lakini oili yangu haifi kwa uzee, inauawa na vumbi ingali kijana. Ya bei kubwa na ya bei ndogo zote ilinibidi nizimwage Jumamosi, maana hakuna oili inayogeuza mchanga kuwa si mchanga. Nusu ya punje niliiokoa kwa bei mara tatu. Kichujio kilicholala stoo kwa Mwigulu hakikunigharimu hata senti.

Tulikirudisha. Tulifunga bomba refu la kuvutia hewa kutoka upande upepo unakotokea. Nguvu ilipungua kidogo, siku inaisha nikiwa nimebakiza mfuko mmoja. Lakini Jumamosi iliyofuata, nikiwa na oili ya kawaida, vumbi kwenye karai lilikuwa la kuokota kwa ncha ya kidole, na sumaku ilitoka karibu tupu.

Nilirudi dukani kununua galoni lingine la kawaida. Habari za karai zilikuwa zimenitangulia. Donatus alikuwepo, na wenye karasha wawili, na Otmar aliacha kufunga mzigo.

"Haya, mama," alisema Donatus. "Vitumbua viliiva?"

Niliwaona wanavyonisubiri. Neno moja tu, na magaloni yale yangekaa rafuni hadi yaote kutu.

"Ni oili halisi," nilisema. "Inatunza chuma kuliko hii ya kawaida, nimeona kwa sumaku. Mwenye gari zuri linalokwenda Mwanza na kurudi anunue. Mwenye karasha lisilo na kichujio asinunue. Ni kumvika suti mtu anayeharisha."

Walicheka, na Otmar hakucheka. Aliniletea galoni langu mwenyewe hadi mlangoni.

"Nilijua utaniharibia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilitaka."

"Sasa mbona hukuniharibia?"

"Kwa sababu mimi nikiweka dole gumba kwenye kitu, kinakuwa kweli."

Nilibeba galoni langu nikaenda kutafuta pikipiki, maana kulikuwa na mifuko kumi na miwili inanisubiri.