Mbio za Kuimba

Kila alfajiri vijana hupita mbele ya nyumba yangu hapa Beni wakikimbia kwa ajili ya afya. Wamevaa viatu vizuri, masikio wameyaziba kwa vidude vya muziki, na hawasemi neno. Nasikia nyayo tu. Niwaambie ukweli, wasomaji wangu: nikisikia watu wanakimbia kimya kimya, mkono wangu hutafuta mfuko wa nguo za kukimbia nao nyuma ya mlango kabla sijafumbua macho. Vijana hawa wananikera sana.

Nilikulia Butembo, huku huku Kongo, wakati wa vita. Mama aliuza vitenge sokoni, akaneemeka, akanenepa, na kila mtu alimsifia unene ule. Kisha akaanza kubanwa kifua akipanda mlima wa kwetu. Daktari akamwambia mishipa inayolisha moyo inaanza kuziba kwa mafuta. Apunguze mawese, na kila asubuhi akimbie polepole mpaka jasho limtoke, lakini asijikaze kupita pumzi zake, la sivyo moyo ungesimama. Siku hiyo mama alikula sombe, yale majani ya muhogo, bila mawese, akanuna mpaka jioni.

Kesho yake alianza, nami nyuma yake, maana baba alikataa aende peke yake. Jamani, nani alikimbia Butembo miaka ile bila sababu? Jirani yetu Mama Masika alimwona, akaacha uji motoni, akabeba godoro. Nyumba ya pili wakamwona Mama Masika. Mama alipogeuka akaona mtaa mzima unakuja na magodoro na mbuzi, naye akaamini askari wamefika, akaongeza mbio. Tulikuwa tumeshafika bondeni mzee mmoja alipouliza tunakimbia nini. Kila mtu akamwonyesha aliyekuwa mbele yake, mpaka vidole vikafika kwa mama.

Mkubwa wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, fundi wa nguo, alikuwa na cherehani kichwani.

"Mama Kavira, kukimbia imeisha," akasema.

"Docteur alisema bila kukimbia nitakufa. Unapenda nikufe?"

Akatua cherehani, akafikiri. "Basi, ukimbie na kuimba. Mutu mwenye anakimbia vita haimbake."

Tatizo ni kwamba mama hakuwa na pumzi za kufanya yote mawili, kwa hiyo kuimba kukawa kazi yangu. Kila asubuhi, katika baridi ile ya milimani, niliimba nyimbo za misa mbele ya madirisha ya wanafunzi wenzangu, mama akihema nyuma yangu, "Kaza sauti, Kavira." Nilichoka naye mpaka nikatamani angebaki na unene wake. Watu walifungua madirisha, wakatutazama, wakafunga. Niliamini wanatucheka.

Kisha malaria ikanilaza, sauti ikapotea, na mama hakukimbia. Jua halijapanda vizuri Mama Masika akabisha hodi, godoro kichwani, watoto wake wamevaa viatu. Uani majirani wengine walisimama na mizigo yao.

"Mbona leo hamukuimba?" akauliza. "Shiye tulishafunga bitu."

Mama aliwatazama. Akafunga kitenge vizuri, akatoka. Nilimsikia akiteremka mtaa akikimbia na kuimba peke yake, sauti mbovu, pumzi zikimkatika kila mstari. Nilijifunika blanketi kwa aibu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hawakutucheka hata siku moja. Walikuwa wakitusikiliza, kisha wakabandika maharagwe motoni. Na mama, aliyeogopa moyo wake kuliko askari, asubuhi ile alijikaza kupita pumzi zake ili watu wafungue mizigo. Nami nilikuwa nikimwonea haya.

Mama bado yupo, amezeeka, anatembea kila siku. Lakini wale vijana walinishinda kuwavumilia. Juzi nilifungua dirisha nikawaambia, "Kama munakimbia, muimbe basi."

Walisimama. Mmoja akatoa kidude sikioni. "Tuimbe nini, mama?"

Nikawaanzishia wimbo ule aliouimba mama asubuhi ile. Mstari wa pili sauti ikanikatika.