Jumatatu Tatu za Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ana miaka ishirini na miwili kwenye maabara ya hospitali, akiotesha vijidudu ambavyo sisi wengine tunavisugua kwa sabuni. Kazini wanamwita Mama Visahani, kwa vile visahani anavyooteshea. Walikuwa watatu, mmoja alistaafu, mwingine akahamishwa, kazi ikabaki palepale. Akirudi nyumbani huketi na viatu miguuni, na ukimwuliza la leo anakujibu la jana.

Mwaka huu kisukari kilinipa kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kikagoma kupona. Usaha ukapelekwa kwa wifi. Majibu yakarudi na saini yake: sugu, yaani dawa haiwaui wadudu hao. Daktari akasema Alhamisi tukate.

Jumatano nikajikokota hadi dirisha la maabara.

"Wifi, ndiyo umenipimia nikatwe?"

"Sio mimi, wifi. Wadudu wako wana kimeng'enya kinachoivunjavunja penisilini. Ndiyo maana tunaichanganya na dawa ya pili, ya kukishika hicho kimeng'enya mikono. Kwako hata mchanganyiko umeshindwa."

"Kwangu tu?"

"Kwa kila mtu. Wiki ya tatu sasa."

Alipolisema, akalisikia mwenyewe. Akafungua friji, akatoa kichupa cha vikaratasi vya dawa wanavyopimia. Kipakiti cha kufyonza unyevu, ambacho hutakiwa kiwe cha buluu, kilikuwa cha waridi. Dawa ya pili haivumilii unyevu. Ilishakufa, penisilini ikabaki peke yake. Kila Jumatatu alipaswa kuvijaribu vikaratasi kwa kijidudu cha akiba ambacho mchanganyiko hukishinda siku zote. Jumatatu tatu hakuvijaribu. Alichoka, basi. Wanasema kosa moja haliachi mke, lakini haya yalikuwa matatu, na kidole kilikuwa changu. Nilimkasirikia sana.

Siku hiyohiyo akawapima upya wadudu wangu, kwa kichupa cha zamani na kipya. Alhamisi asubuhi akanionyesha kisahani: karatasi ya zamani imezingirwa na wadudu hadi ukingoni, lakini kuzunguka mpya kuna duara tupu lisilo na mdudu, pana kama kizibo cha soda. Akakipeleka kwa daktari na kulitaja kosa lake kwa mdomo wake. Nikapewa vidonge badala ya kisu.

Nilipopita kumuaga, nilimkuta na daftari na simu. Katika wiki zile tatu watu tisa aliwaandikia sugu, na sasa alitaka kuwapigia wote.

"Kapumzike kwanza, wifi. Macho yamekuwa mekundu."

"Nilishapumzika Jumatatu tatu."

Wa kwanza kumpigia alikuwa mzee mmoja. Sauti yake niliisikia kutoka kwenye benchi nilipokaa.

"Hospitali! Kumbe mnatukumbuka! Ahsante sana, mwanangu. Mguu walishaukata wiki iliyopita, ila naendelea vizuri."

Wifi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Pole, baba," alisema. "Kaa kitako, nina jambo la kukwambia."

Nikakirudisha kidole changu chini ya benchi, kisionekane.