Kofia ya Vita ya Paka

Paka wetu alijulikana duniani kabla yangu, na mpaka leo sijamsamehe kabisa.

Alikuwa amekaa juu ya redio ya tata, baba yetu, kichwani ana kofia ya vita ya shaba: masikio mawili yaliyochongoka, na kifuniko kidogo cha uso kinachoinuka na kushuka kwa msumari. Alikuwa amefumba macho nusu kama padri aliyechoka kusikiliza maungamo. Mdogo wangu alimpiga picha za video kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akazirusha mtandaoni, akaenda kuosha vyombo. Kufikia Jumapili watu wa nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani walikuwa wanamcheka paka wetu kwa lugha zao. Mmoja alimchora akiwa amepanda joka. Mwingine aliuliza kama tunatengeneza pia za kasuku.

Mimi nilikuwa nafua shaba tangu nikiwa shule ya msingi. Sahani yangu nzuri kuliko zote, ile ya swala watatu wanakunywa maji, ilinunuliwa na binamu, akaitundika kwenye ukuta wa choo.

Tata alitufundisha wote wawili, uani, nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Dilala, moja ya zile nyumba za zamani za kampuni ya migodi. Kazini alikuwa fundi wa matangi na mabomba; nyumbani alifua shaba kwa kupenda tu. Choma bamba mpaka liwe jekundu, litie majini, ligonge. Shaba ikigongwa sana inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu unairudisha motoni. Basi, elimu yote ndiyo hiyo. Mimi nilifanya yale yaliyofanywa na mafundi wote: swala, mama anayetwanga, tembo wa pembeni. Wageni walipokuja, tata alinishika bega akasema, "Huyu njo iko na mukono," yaani mimi ndiye mwenye kipaji. Niliijua sentensi ile kama sala, na niliihitaji kama chakula.

Mdogo wangu yeye alifua ujinga. Alifua mjusi anaendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria. Alifua samaki mwenye taa ya kichwani, kama wale vijana wanaochimba kule kwenye mgodi wa Mashamba. Alifua mashujaa wa michezo ya simu, wenye panga ndefu kuliko miguu yao. Nilimcheka waziwazi, nikimwambia atakufa bila kuuza hata kijiko. Halafu ikaja ile kofia, na tata akaishika, akaigeuza, akaingiza kidole ndani ya sikio moja, akacheka mpaka akatoa machozi. Kwa sahani zangu tata hakuwahi kutoa machozi ya namna yoyote.

Roho iliniuma. Sitaki kupamba: nilimwonea wivu mtoto wa mama yangu. Nilijiambia ni bahati yake tu, kwamba dunia ya mtandao inapenda paka, na angemvika hata sufuria wangecheka vilevile. Nilifungua simu yangu kila saa kutafuta hata mtu mmoja tu aliyemtukana mdogo wangu. Nilimpata mmoja, aliandika kwamba paka anateswa, na nikampenda bure.

Kisha ukaja ujumbe. Ukumbi mmoja wa Lubumbashi ulikuwa unaandaa maonyesho ya vitu vya ajabu vilivyotengenezwa kwa mikono, nao wakamwita mdogo wangu. Walitaka kofia, lakini iwe ya kijani, kama imefukuliwa kutoka kwenye kaburi la mfalme fulani wa paka. Alifua mpya, akaizika kwenye ndoo ya unga wa mbao, na chumvi na siki, karibu mwezi mzima. Ilitoka na kutu ya kijani nzuri mno, rangi ya mawe ya malakiti. Hata mimi niliiona nzuri, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kwetu, kila Jumamosi shaba zote za nyumba zinasafishwa. Sahani za sebuleni, msalaba, vibweta vya majivu ya sigara ambazo hakuna anayezivuta tena: vyote vinasuguliwa kwa ndimu, chumvi na mchanga laini, ili Jumapili wageni wajione nyuso zao humo. Nyumba ya mtu wa shaba yenye shaba chafu ni aibu. Jumamosi ile mama alikuwa sokoni, mdogo wangu kisimani. Nilisafisha sahani, nikasafisha msalaba. Kofia ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Nilitoa kitambaa. Nilijua vizuri ni nini na ni ya nani. Nikakamua ndimu.

Kijani kile kilitoka kirahisi, kikapita kati ya vidole vyangu kama maji ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilisugua kwa nguvu mno, ncha ya sikio la kushoto ikapinda. Nilipojaribu kuinyoosha, ikapasuka.

Mdogo wangu alitua ndoo yake mlangoni. Aliitazama kofia inavyong'aa, akanitazama mimi.

"Yaya," aliniita, kama anavyomwita mkubwa wake siku zote, "umefanya nini?"

"Leo ni samedi," nilisema. "Si tunasafishaka shaba yote? Nilikuta iko chafu."

"Haina kitu," akasema. "Ni mi nilikosa, sikuiweka mbali."

Mama aliporudi alimpa pole. Tata alikaa naye uani muda mrefu, akampa pole, akampa na mabamba yake mawili ya mwisho, yale mazuri aliyokuwa akiyatunza chini ya kitanda. Zilibaki siku kumi kabla ya safari ya Lubumbashi. Kwa siki na chumvi peke yake kutu isingewahi, kwa hiyo mdogo wangu aliamua kutumia njia ya haraka ya mafundi wa zamani: kuning'iniza shaba juu ya mkojo uliolala, ndani ya pipa lililofungwa. Alipitisha kidumu nyumba nzima, akiomba mchango. Tata alikataa, akasema ameitumikia kampuni maisha yake yote bila mtu kumwomba mkojo. Jioni nilimwona anakwenda nyuma ya nyumba na kidumu, anatazama huku na huku.

Lakini kwanza kofia mpya. Mdogo wangu aliweka bamba moja mbele yake, lingine akanisukumia.

"Tufanye mbili, yaya. Ile itakuwa muzuri njo tutapeleka."

Nitamwonyesha, nilijisemea. Mkono ni huu hapa. Watu wa Lubumbashi watauliza nani alifua hii, naye itabidi anitaje. Nilichoma, nikatia majini, nikagonga. Bakuli la kichwa lilitoka zuri, laini kuliko lake, na niliona anaona. Kisha nikafika kwenye masikio.

Masikio yale hayakuunganishwa. Yalipandishwa kutoka kwenye bamba lilelile moja, shaba ikisukumwa juu kidogo kidogo mpaka inakuwa nyembamba kama ganda la yai, bila kutoboka. Miaka yangu yote nilikuwa nimefua vitu vya kulala ukutani. Sikuwahi kuinua kitu kikasimama. Siku mbili nilihangaika na sikio moja. Nilirudisha motoni, nikagonga, nikarudisha. Yeye alikuwa anageuza kofia yake juu ya goti, nyundo inashuka nyepesi, anaimba puani. Siku ya tatu bamba langu lilipasuka kutoka nchani mpaka kwenye paji.

Haikuwa bahati. Ningefuga hata paka mia, sikio lile nisingeliweza.

Niliweka nyundo chini. "Ile kofia," nilisema. "Nilijua ilikuwa yako. Nilijua ilipashwa kuwa ya kijani. Nilifanya kwa kupenda."

Hakuinua macho. "Nilijuaka," akasema. "Batu bote ya hapa balinipatia pole. Weye tu ulinielezea habari ya samedi."

"Sasa juu ya nini ulinipatia bamba ya tata?"

"Juu, kama unataka kunishinda, yaya, unishinde na nyundo."

Nililiondoa bamba langu lililopasuka mezani, ili apate nafasi ya kumalizia sikio la pili. Kisha nikakaa kumchochelea moto.