Benchi la Kungojea Treni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona sare za shule na mapazia kwenye chumba changu cha mbele, wateja wanakuja wenyewe, na siku nikionekana ng'ambo ya barabara kubwa majirani huuliza kama kuna msiba. Kwa hiyo ni haki kabisa mtu kujiuliza, huyu alifuata nini huku nyuma ya Rebero, mwisho wa mji, ambako motari wa pikipiki husikiliza jina la mtaa mara mbili kabla ya kukubali kukubeba? Jibu ni fupi na linaniaibisha. Nilifuata treni.

Wakati huo kila mtu alikuwa anazungumzia reli ya vitongoji. Wapimaji walikuwa wamepita na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakaacha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kuanzia bondeni hadi mgongoni mwa kilima. Aliyeniuzia kiwanja alinionyesha kigingi kimoja kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kaburi la mfalme. "Stesheni itakuwa hapa," akasema. "Utatoka kitandani, utaingia behewani." Maneno hayo yalinimaliza. Ukitaka kumwibia mtu kama mimi, usimwonyeshe dhahabu, mwonyeshe mahali ambapo hatahitaji kutembea.

Ubaya ni kwamba sikuhamia peke yangu. Nilimchukua mama.

Mama alikuwa amepanga chumba Nyamirambo, karibu na wanawake wanne waliokulia Bujumbura kama yeye na kurudi miaka ileile. Watano hao walikuwa na desturi ambayo hata mvua ya Aprili haikuwahi kuivunja. Kila Jumapili walikutana kwenye kibaraza cha mmoja wao. Wawili ni Waislamu, kwa hiyo hao walitangulia kuchemsha chai ya tangawizi, wakiwangoja watatu watoke misa. Kisha walikaa hadi jua linazama, wakisemana na kuchekana kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura, ambacho hawakuwa na mtu mwingine wa kukizungumza naye vizuri. Wajukuu ukiwasemesha wanakujibu kwa Kinyarwanda, na wakikasirika, kwa Kiingereza.

"Na Jumapili zangu?" mama aliniuliza nilipomletea habari ya nyumba.

"Treni, mama. Dakika ishirini tu."

"Treni gani itapanda mlima ule? Imekuwa mbuzi?"

"Mama, wataalamu wameshapima. Nakuahidi."

Alikunywa maji, akasema, "Haya. Mwaka mmoja nitavumilia."

Mwaka ulipita, ukaja mwingine, rangi ya vigingi ikapauka. Kutoka uani kwetu, Nyamirambo inaonekana vizuri ng'ambo ya bonde, hata mama aliweza kukunyooshea kidole bati jekundu la rafiki yake. Kwa macho ni hapo tu. Kwa miguu ni hadithi nyingine: ushuke kilima, ungoje basi, uingie mjini, ubadilishe, upande tena. Magoti ya mama yaliiweza safari hiyo labda mara moja kwa miezi miwili. Pikipiki, moto kama tunavyoiita, aliikataa kabisa. "Sikuzaa watoto saba ili nije kukumbatia mgongo wa mtu nisiyemjua," alisema, na motari wote wa kijiweni wakapata habari.

Sasa nieleze habari ya benchi, maana na hiyo ina mkono wangu.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote na majembe kwa kazi ya pamoja, umuganda. Mkuu wa mtaa wetu, mudugudu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu na imani ya kuwafufua, aliamua tufyeke njia ya treni. "Isije ikafika ikakuta nyasi," alisema. Tukafyeka. Mwezi uliofuata nyasi zimerudi, tukafyeka tena. Ukweli ni kwamba njia iliyo safi kuliko zote kilimani kwetu ni ile isiyopitwa na kitu. Mwezi mmoja, kwa kuwa nilichoka kuinama na nilikuwa natafuta kazi ya kukaa, niliuliza kwa sauti, "Lakini abiria watakaa wapi?"

Swali langu lilipokelewa vizuri mno. Katika miezi miwili tulikuwa tumejenga benchi la mawe na saruji, lina paa la mabati, na maua kila upande. Mafundi waashi wawili walikosana siku nzima juu ya benchi litazame wapi, maana hakuna aliyejua treni itatokea kulia au kushoto. Reli yenyewe, ambayo ingetoa jibu, haikuwepo.

Kila baada ya umuganda tunakaa kwenye majani kwa mkutano, na kila mkutano mkuu alimalizia kwa kusema, "Kuhusu treni, tumeambiwa iko njiani." Siku tulipozindua benchi, mama aliinua mkono.

"Mkuu wangu, swali dogo. Imeshaondoka inakotoka, au bado inachemsha maji ya kuoga?"

Watu walicheka hadi mkuu mwenyewe akajifuta macho.

Kesho yake, Jumapili, saa nane kamili, mama alivaa kitenge chake cha misa, akachukua mkoba, akaenda kukaa kwenye benchi. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Jumapili iliyofuata akaenda tena, na nyingine, na nyingine. Mimi kwenye cherehani yangu nilisikia kila kitu kupitia dirishani.

"Mukecuru, treni iko wapi?" walimwuliza wapita njia, wakimwita bibi kwa heshima zote za Kinyarwanda.

"Iko inapiga pasi!"

Wiki nyingine: "Mukecuru, na leo?"

"Leo dereva iko anatafuta kiatu kimoja. Kile cha kushoto."

Nilicheka na cherehani yangu. Nilijiambia mama amepata watu wa kuzungumza nao, mambo yamejipanga. Mtu anayependa kukaa ana kipaji cha kuona mambo yamejipanga.

Halafu ikaja Jumapili ya manyunyu. Nikampelekea mwavuli. Hakuna mpita njia, mama peke yake chini ya mabati, mkoba mapajani, anatazama ng'ambo ya bonde.

"Unaliona lile bati jekundu?" akaniuliza.

"Naliona, mama."

"Mwenyewe amezikwa Jumatano. Nimepigiwa simu leo. Walidhani nilishaambiwa."

Nilibaki nimeshika mwavuli, sijui kama niufungue.

"Tulikuwa watano," akasema. "Mmoja amerudi Bujumbura kwa mwanawe. Huyu ameenda. Wamebaki wawili, na mimi niko hapa, nimekaa kwenye benchi."

"Mama, wanasema mwakani..."

"Kijana yangu, mimi siikasirikii treni. Treni haikuniahidi kitu. Wewe ndiye uliyeniahidi."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonishinda. Angenigombeza ningejitetea, kujitetea nakuweza nikiwa nimekaa.

Jumanne alikuwa ameshapata chumba, mlango wa tatu kutoka kwa mmoja wa wale wawili. Nilimwambia tuwalete wenzake huku kwetu Jumapili. "Kwa njia gani?" akauliza. Nikamwambia aningoje nitafute gari la kumbeba na vitu vyake. Akaniambia vitu nitavileta mimi, na nimwitie motari.

"Moto, mama?"

"Kwani kuna kitu kingine?"

Motari alifika akijikaza asicheke. Mama alivaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake cha kichwa, akakumbatia ule mgongo kama mtu aliyeamua kufa vizuri. "Usigeuke kuniangalia," alimwambia. "Mimi ni mzee, sina kipya. Angalia barabara." Wakashuka, nami nikabaki mlangoni na godoro.

Jumapili nilimpelekea godoro, sufuria mbili na picha ya Bikira Maria, mabasi mawili na jasho la mwezi mzima. Walikuwa wote watatu kibarazani.

"Ndiye huyu fundi wa reli?" aliuliza mwenye nyumba, mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kijani.

Walicheka hadi mmoja akaweka kikombe chini. Kiti hakikuwepo, nikapewa ndoo niipindue. Wakaendelea na mazungumzo yao, Kiswahili cha haraka ambacho nusu yake sikuidaka, na mama akisema kwa sauti ambayo kwangu sikuwahi kuisikia, kubwa, ya kukatiza watu. Ndani ya basi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba arudi. Niliyameza pamoja na andazi la tatu.

Nilipoaga, mama alinisindikiza hadi kwenye kona.

"Utakuja Jumapili?"

"Mama, ni mbali," nikasema.

Nilitamani kuyarudisha maneno yale mdomoni.

"Ni mbali kweli," akasema, akageuka kurudi kwa wenzake kabla chai haijapoa.

Jumapili iliyofuata niliwahi mno, misa ilikuwa bado haijatoka. Kibarazani alikuwepo yule wa ushungi wa kijani tu. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akanikabidhi birika tupu, akasema, "Bomba liko nyuma. Jaza, wanakuja."