Povu la Maji Laini Ngokolo

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ngokolo, nilifungua koki ya uani mbele ya majirani, nikajipaka sabuni mikononi, nikawaonyesha povu. Lilikuwa povu jeupe, zito, linadondoka mpaka kwenye viatu. Walipiga makofi, mwanangu. Nami nikasimama pale kama vile mvua nimeileta mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ujue mtu anafikaje mahali pa kupigiwa makofi kwa sababu ya sabuni.

Mimi ni wa Tinde. Shule niliishia darasa la nne, nikachunga, nikaacha kuchunga nikaenda mashimoni Mwakitolyo. Hakuna aliyenishika mkono. Dhahabu niliipata kwa mgongo wangu, na wenzangu waliopata zaidi yangu waliimaliza vilabuni, mimi nikajenga. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu kuwa na bomba jikoni, bafuni, mpaka chooni. Maji ya ziwa yalikuwa hayajafika upande wetu, kwa hiyo nilichimbisha kisima kirefu, nikaweka pampu, nikapandisha tangi juu ya mnara wa zege. Mnara upo mpaka leo. Ukipita, uliza, utaonyeshwa.

Kasoro ilikuwa maji yenyewe. Yalikuwa magumu. Unasugua sabuni mpaka kipande kinaisha, povu halionekani, yanabaki mabonge ya kijivu juu ya beseni. Birika liliota gamba jeupe ndani kama chokaa ya ukutani. Bomba la mvua bafuni liliziba matundu, likawa linarusha maji pembeni, mtu anaoga sikio moja. Na maharage hayakuiva. Jirani yangu Mama Shija, mwanamke mwenye ulimi, alinisimamisha njiani siku moja.

"Baba mwenye bomba, shikamoo."

"Mama Shija, unaniamkia mimi? Wewe ni mkubwa kwangu."

"Nakuheshimu kwa ajili ya maji yako. Nimebandika maharage tangu asubuhi, sasa yananiuliza yameitiwa nini."

Wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji kwangu wakacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Mtu umejenga mnara, halafu unachekwa kwa ajili ya maharage.

Wakati huohuo mke wangu, Kabula, alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hiyo. Hatukuwa tukilizungumza jambo hilo, ila kila mmoja wetu alikuwa analijua akiwa mezani na akiwa kitandani. Mama yake akatuma ujumbe kwamba anakuja kutoka upande wa Geita kumwangalia binti yake mpaka ajifungue. Nikafikiria mama mkwe afike, amkute mwanawe anasugua nguo kwenye mabonge ya kijivu, aseme huyu tajiri gani.

Nikakumbuka lambo moja kule Mwakitolyo. Lilikuwa bwawa la maji ya mvua, na sisi wachimbaji tulikuwa tunaogea pale, sabuni inatoa povu mpaka unajisahau. Lilikuwa chini kidogo ya mialo, yaani pale mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, ambapo watu hukoroga zebaki kwa mikono ili inase dhahabu. Hilo nililijua. Nimekoroga mwenyewe. Lakini maji yalikuwa meupe, hayana harufu, laini kama maziwa. Nikakodi boza, lile lori la kubeba maji, likajaza maji ya lambo lile kwenye tangi langu, pampu ya kisima nikaizima. Asubuhi yake ndiyo ile ya povu na makofi. Nikawaambia majirani wachote, bure, kila mtu na ndoo yake. Mama Shija alichota tatu.

Mama mkwe akafika. Wewe wa siku hizi labda hujui, lakini kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe, ambaye tunamwita mayu, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na maneno ya ana kwa ana hakuna. Nilikuwa nimemjengea chumba chake uani. Akitaka kuniambia kitu anakiambia kitu kingine karibu yangu, mimi nasikia, nami najibu nikiangalia upande. Ni heshima, na tulikuwa tumeizoea.

Siku ya tatu nilikuwa barazani, yeye yuko nyuma ya ukuta jikoni. Nikamsikia anaweka ndoo chini.

"Wewe ndoo," akasema, "hebu niambie. Birika la humu ndani lina gamba nene kama kucha ya ng'ombe. Lakini nimechemsha siku tatu, maji haya hayajaongeza hata unyoya. Haya si maji yaliyoota lile gamba. Mmeyatoa wapi?"

Nikawa nimefurahi, nikidhani nasifiwa. Nikaangalia barabarani, nikajibu, "Ndoo imwambie mayu kwamba ni maji ya mvua. Nimeyafuata mbali kwa boza, kwa ajili yake."

"Mbali wapi?"

"Lamboni, Mwakitolyo. Jirani na mialo."

Nilisikia anamwaga maji polepole, ndoo nzima, kwenye karo.

"Ndoo, mwambie mkwe wangu kwamba kwetu nako yalikuwa laini. Mialo ilikuwa juu, sisi tuko chini. Nguo zilitakata, tukafurahi. Mimi sikusoma, lakini mbuzi wangu walizaa vitoto vimekufa, mwaka wa kwanza na wa pili, na nilipohamisha zizi wakaacha. Sijui ni nini kilikuwemo. Najua tu nilichokizika."

"Mwambie mayu mimi nimeoga maji yale miaka, nimeyanywa. Niko mzima, nina nini?"

"Ndoo, mwambie yeye hana mimba."

Nikainua macho, nikautazama mnara wangu.

"Na umwambie," akaendelea, "Kabula anafunga nguo zake. Kesho tunaondoka na basi la kwanza. Mbili zimeshatoka. Hii haitanyweshwa maji ya kuoshea mawe."

Asubuhi yake Kabula alitoka na begi lake, akanipita barazani, akasema neno moja tu: "Kapime." Wakaondoka kweli.

Nilikasirika siku nzima. Nilitembea uani nikiongea peke yangu kwamba nyumba hii nimeijenga mimi, tangi langu, maji yangu. Kesho yake nikachukua chupa mbili, moja nikajaza maji ya lambo, nyingine ya kisima, nikaenda kwa watu wanaopima maji mjini. Alinipokea dada mmoja mdogo, miwani, sauti ya chini. Akaniuliza yepi ninayataka yawe mazuri. Nikamwonyesha yenye povu. Akatabasamu, akazichukua chupa.

Alichukua siku kadhaa. Niliporudi, alinisomea karatasi kwa sababu mimi kusoma kwangu ni kwa kusuasua. Ya kisima yana chokaa nyingi, ndiyo maana sabuni inakataa, lakini kwa kunywa hayana tatizo. Ya lambo yana zebaki kupita inavyoruhusiwa. Nikamwambia tunachemsha. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu, na zebaki si kijidudu. Akaniuliza kama kuna mjamzito nyumbani. Nikasema alikuwepo.

"Na ni nani wengine walioyatumia?"

Hapo ndipo nilipowakumbuka majirani na ndoo zao.

Mwanangu, nimeingia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lenye kina ambacho ukiangalia juu mchana unaona mdomo wa shimo kama sahani. Sikuogopa. Lakini ile jioni ya kutoka mlango hadi mlango, nikirudia maneno yaleyale, nilitamani ardhi inifukie. Hodi, karibu, maji niliyowapa ni mabaya, mwageni, msinywe, msipikie. Mama Shija alikuwa amekaa jikoni, sufuria iko mbele yake.

"Umeninywesha mimi na wajukuu wangu?"

"Nimewanywesha. Nisamehe."

Akafunua sufuria. Maharage yameiva, yamepasuka vizuri, mchuzi umekuwa mzito.

"Kweli mara yangu ya kwanza kuivisha mtaani huku," akasema, halafu akayamwaga.

Boza lilirudisha yaliyobaki yalikotoka, maana yule dada alinikataza kuyamwaga kwenye bustani wala karibu na kisima. Tangi likasuguliwa. Nikaiwasha pampu, maji magumu yakarudi bombani na mabonge yake ya kijivu.

Kisha nikajaza dumu moja la maji ya kisima, nikakunja ile karatasi mfukoni, nikaenda ukweni. Niliketi nje, mbali, kama inavyotakiwa. Kabula akapeleka dumu ndani. Nikasikia maji yanamiminwa, sabuni inasuguliwa, inasuguliwa tena.

"Wewe dumu," mama mkwe akasema, "hutoi hata povu la kumtosha kuku. Sasa nakujua." Na nikasikia kikombe kinatumbukizwa. Alikunywa. Karatasi hakuiomba.

Kabula alirudi nami wiki ile. Binti yetu Minza alizaliwa mzima, analia kwa sauti iliyomfanya Mama Shija aje bila kuitwa. Siwezi kukuapia kwamba yangekuwa mengine kama Kabula na mama yake wangebaki. Sikusomea hayo. Najua tu nilichokaribia kukifanya kwa sababu ya kutaka kupigiwa makofi.

Siku hizi maji ya ziwa yamefika, na ninyi vijana mnajenga huko pembeni, mnaweka tangi kabla ya bati. Vizuri, nami nilifanya hivyo. Ila sikilizeni. Povu linakuambia habari za sabuni, basi. Halikuambii maji yamepita wapi. Kabla hujajaza tangi, uliza yametoka wapi na juu yake kuna nini, na jibu ukilipata peleka chupa ikapimwe. Maji magumu yanavumilika: maharage loweka kwa maji ya mvua uliyokinga mwenyewe kwenye bati safi, birika lichemshie ndimu gamba litoke, sabuni ongeza kidogo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usitume mtu. Zunguka mwenyewe, mlango hadi mlango, ukiwa na uso wako.

Birika la zamani sijalitupa. Lina gamba lake, liko kabatini, Minza analicheka.

Mungu akupe kisima kisichokauka, mwanangu, na nyumba yenye mtu wa kukuambia ukweli hata kama ni kwa kuiambia ndoo. Watoto wako wanywe wakue, na atakayekuja kukuomba maji apate ya kumpa uzima.